Chupa Iliyopitia kwa Shemeji

Chumba cha kufulia, nyumba ya wageni
Tarehe 6 Februari

Wifi yangu,

Salamu kwako na kwa mguu wako unaovimba kwa kusimama kaunta. Mimi mzima, ila mikono imepauka kwa sabuni mpaka naona haya kumpa mtu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu chumba hiki kina madobi sita na masikio kumi na mawili, na ninachotaka kukuambia hakitoshi kwenye masikio ya watu. Kaa chini kwanza.

Kuna mwanamume. Ni fundi vioo mwenye duka mkabala na lango letu la nyuma, yule aliyetubadilishia dirisha la ngazi. Mkewe alifariki kabla ya marehemu wetu. Ni mtu wa polepole, anapima kioo mara mbili ndipo akikate, na hata akiongea nadhani huwa anapima. Anataka tuoane mwezi wa tano. Nimekubali. Wewe ni wa kwanza kujua, kwa sababu marehemu alikuwa kaka yako kabla hajawa mume wangu, na sikutaka ulisikie barabarani.

Sasa ninachokuomba ni cha duka lako la dawa, si cha undugu wetu. Mwili wangu ni mkavu, wifi. Nina miaka arobaini na tisa na naiogopa siku hiyo kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Niliwauliza wenzangu hapa, nikajifanya ni swali la mgeni wa chumba namba nane. Mmoja akasema mafuta ya kupikia. Mwingine akasema losheni. Yule mnene akauliza, "Kwani huyo mgeni anaolewa au anakaangwa?" Tulicheka mpaka maji ya wanga yakamwagika, lakini mimi nilirudi nyumbani bila jibu.

Uliwahi kuniambia kuna jeli inayotengenezwa kwa maji. Nichagulie. Sijui nichague vipi, na dukani kwetu hapa siwezi kulitamka jina lake.

Usinichukie.

Wifi yako,
Dobi


Duka la dawa, kaunta ya pili
Tarehe 13 Februari

Wifi,

Barua yako niliisomea stoo, katikati ya maboksi ya dripu, mlango nimeufunga. Nililia kidogo, halafu nikanawa uso nikarudi kaunta. Si kwa hasira. Miaka mitatu imepita na bado nikisikia mashine ya kuchomelea vyuma nageuka, nadhani ni kaka.

Nitakuambia kitu kimoja tu juu yake kisha nitanyamaza. Nilipokuwa nasoma alinichongea penseli kwa kisu chake cha kazi, zote tano, akazipanga mezani kwa urefu. Na akichelewa kurudi alivua viatu nje ya mlango ili asituamshe. Mpaka leo nikiona viatu vya mwanamume nje ya mlango moyo unanilainika. Mtu kama yule hapatikani mara mbili, lakini wewe uko hai, na mtu aliye hai haolewi na kaburi. Olewa. Mdogo wetu Kitinda mwachie mimi, nitamwambia taratibu. Unamjua alivyo na damu ya moto.

Sasa nisikilize kama mteja.

Mafuta ya kupikia, losheni na yale ya mgando waachie wenye kukaanga na wenye visigino vilivyopasuka. Yakiingia ndani hayatoki kwa urahisi, yanaweza kukuletea maambukizi, na kama mtatumia kondomu yanaula mpira mpaka unapasuka. Ipo jeli ya silikoni, inateleza muda mrefu, ila kuiosha ni kazi. Kwa kuanzia, kilainishi cha maji ndicho chako. Lakini hata hicho usichukue chochote tu. Kikiwa na harufu ya matunda, kirudishe. Kikiwa kimeandikwa kinapasha joto au kinatia ubaridi, kirudishe haraka zaidi, maana huko hakuhitaji pilipili. Soma vilivyomo: glisirini ikitajwa mwanzoni mwanzoni, wapo wanaowashwa nayo na kupata fangasi. Tafuta kilichoandikwa kwamba asidi yake inalingana na ya ukeni. Kipake kwanza ndani ya kifundo cha mkono, kaa nacho siku nzima uone kama ngozi inalalamika. Kikikauka katikati ya shughuli si lazima kumimina tena, matone ya maji yanakiamsha.

Na haya ndiyo maswali ninayomuuliza kila mtu, kwa hiyo usione nakuchimba. Ni ukavu tu, au kuna maumivu? Yako wapi, mlangoni au ndani? Siku zako zimekoma? Tangu lini? Jeli inalainisha, wifi. Haitibu kidonda.

Wifi yako,
wa Kaunta


Chumba cha kufulia
Tarehe 20 Februari

Wifi yangu,

Umenitua mzigo. Barua yako nimeificha kwenye foronya isiyo na jozi, hakuna anayeigusa.

Mambo ya mafuta ungeniuliza mimi! Nafua shuka za watu wa kila namna, najua kila doa lilikotoka kabla hawajarudisha ufunguo. Mafuta yanaacha duara la njano ambalo hata maji ya moto hayaling'oi. Ya silikoni nilikuwa siijui jina, kumbe ndiyo ile inayoacha shuka inateleza hata baada ya kukauka. Basi iwe ya maji. Angalau dobi wa shuka hizo, ambaye ni mimi, hatalaani mtu.

Majibu yako ni haya. Siku zangu zilikoma mwaka juzi. Maumivu yapo. Yako mlangoni, upande wa kushoto, kama uzi uliovutwa kwenye kitambaa. Fundi Vioo hajui, ila nadhani anahisi, kwa sababu juzi alinishika bega kutoka nyuma nikaruka mpaka nikamwaga chai. Alirudi nyuma hatua mbili, akasema, "Pole, nitakuwa nasimama mbele." Ndivyo afanyavyo sasa.

Nitumie unayoona inafaa. Ifunge vizuri.

Wifi yako,
Dobi


Duka la dawa
Tarehe 27 Februari

Wifi,

Imeondoka leo kwa basi la saa nne. Nimekuchagulia chupa ndogo, haina harufu, haina rangi, haina glisirini. Niliijaribu kwenye mkono wangu siku mbili, sikuona kitu.

Swali la "tangu lini" umeliruka. Mimi si kipofu, lakini nitakuuliza tukionana.

Nimeibandikia lebo kwa mkono wangu kama tunavyobandika kila kitu. Bosi alitufundisha kwamba hakitoki kitu dukani bila lebo, hata kama unajipelekea mwenyewe: kitu gani, cha nani, kinatumikaje. Nimeandika, "Kilainishi cha maji. Kwa wifi yangu. Kwa ukeni, kabla na wakati wa tendo la ndoa. Kikikauka ongeza." Mkono umezoea, usinicheke.

Nimeipitishia kwa Kitinda, ofisi yake ya vifurushi huko kwenu, kama dawa zako za presha za kila mwezi. Usiwe na wasiwasi. Nimegonga mhuri wa duka pande zote nne, na kifurushi changu hajawahi kukifungua. Yeye bado sijamwambia habari ya ndoa. Nitamwambia nikija.

Wifi yako,
wa Kaunta


Ofisi ya vifurushi
Tarehe 3 Machi

Dada,

Shikamoo, kama bado unastahili.

Tangu mwezi uliopita ofisi yetu ina sheria: chupa yoyote inafunguliwa, inasomwa kwa sauti na kuandikwa kitabuni, kwa sababu ya dumu la tindikali lililovuja likaunguza mizigo ya watu. Msomaji ni mimi. Nikaona mhuri wako, nikasema hii ni ya dada, ni dawa ya presha. Nikasoma mwandiko wako mbele ya ofisi nzima. Nilipofika kwenye "tendo la ndoa" ulimi ulikuwa umeshatoka, siwezi kuurudisha. Mpagazi akapiga makofi. "Kumbe mjane wenu bado yuko barabarani!" Watu wazima walikaa chini kwa kucheka. Kaka yangu yuko chini ya udongo, wao wanacheka.

Wewe, dada. Wewe ndiye umemfungashia.

Kifurushi nilikipeleka mwenyewe. Madobi wenzake walikuwa juu ya paa wanaanika, yeye alikuwa peke yake na pasi. Nilimpa jeli yake yote, kichwani, tone la mwisho. Nikamuuliza ni nani, hakusema. Nikamtumbukiza uso kwenye beseni mpaka akasema. Kisha yule malaya akaniwekea pasi ya moto mkononi. Ngozi imebaki pale kwenye pasi, dada. Nikavuka barabara na nondo. Huyo mkata vioo wake sasa ana vioo vingi vya kukata, na vidole vichache vya kukatia.

Polisi nimewaambia nilipeleka dawa ya presha, akanirukia kama kichaa. Ukurasa wa kitabu nimeuchana, lebo nimeitafuna. Ninyi mkikaa kimya, atafungwa yeye. Ukifungua mdomo, nitasahau kwamba ulinibeba mgongoni.

Ichome barua hii.

Mdogo wako,
wa mwisho


Hospitali, wodi ya wanawake
Tarehe 7 Machi

Wifi,

Naandika kwa jicho moja. Jingine litafunguka, wamesema.

Alikuja saa ya kuanika. Nilisikia hatua, nikadhani ni mwenzangu amesahau vibanio. Kitu cha baridi kikanimwagikia kichwani, kikashuka shingoni, na hata kabla sijageuka nilijua ni nini, kwa sababu hakikuwa na harufu. Alininyanyua kwa nywele. Alinigonga kwenye ukingo wa sinki la saruji, jino likatoka, nikaliona linatumbukia kwenye beseni la maji ya wanga kabla sijazamishwa mimi. Mara tatu, wifi. Akinitoa ananiuliza "Nani?" na akiona navuta pumzi ananirudisha. Mara ya tatu nikamtaja. Naomba Mungu anisamehe, nilimtaja.

Aliponiachia ili anicheke, mkono wangu ulikuwa juu ya meza ya pasi. Sikufikiri. Niliikandamiza kama nakandamiza ukosi wa shati. Nilisikia sauti yake na nikanusa harufu, na nakuambia kweli, sikuiondoa mara moja.

Fundi Vioo alikuwa peke yake dukani, amepakata fremu. Kitinda alianza na vile vioo vikubwa vilivyosimama ukutani. Kimoja kilipoanguka, Fundi alinyoosha mkono kukizuia, kwa mazoea tu ya miaka yote hiyo ya kuzuia vioo visianguke. Kilimshukia kiganjani. Alipigwa nondo mbili za mgongo akiwa amepiga magoti anaushika mkono wake usimwagike. Vidole viwili havitakunjika tena.

Na mimi ndiye niliyeshitakiwa. Anasema alileta dawa ya presha nikamchoma bila sababu, akakimbilia duka la vioo kuomba msaada, wakapigana. Hakuna aliyeona mwanzo. Kitabu cha vifurushi hakina ukurasa. Polisi ananiuliza, "Mama, kwa nini shemeji yako akupige kwa kukuletea dawa?" Kesi inasikilizwa tarehe 9 Aprili. Wewe peke yako unajua ulichotuma. Njoo useme. Nisiposadikiwa nitafungwa.

Nimekaa kitandani siku nne najiuliza nikuambie au nisikuambie lile uliloniuliza mara mbili. Nimechoka kuwa na adabu. Tangu lini? Tangu siku ya kumi na mbili baada ya kumzaa yule mtoto ambaye hakulia. Nilikuwa bado na nyuzi. Nilimwambia marehemu nina nyuzi. Alinibana mdomo kwa kiganja, na nyuzi zikakatika moja moja, nilizihesabu. Kabla ya hapo na baada yake hakukuwa na wiki isiyo na kiganja, au mkanda, au ukuta. Kitinda hakujifunzia barabarani, wifi.

Wifi yako,
Dobi


Duka la dawa
Tarehe 13 Machi

Wifi,

Pole kwa yaliyokupata. Nimetuma dawa ya maumivu kwa njia ya posta, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni baada ya chakula.

La Kitinda ni baya na sitalitetea. Lakini kwa nini umguse marehemu? Amekosea nini yeye, aliye kimya? Kaka yangu aliuza baiskeli yake nikasome. Kaka yangu aliwatoa vifaranga kwenye mtaro wa mvua kwa mikono miwili. Nililala nyumba moja nanyi likizo zote, chumba cha pili, ukuta ule mwembamba. Ningesikia. Nakuambia ningesikia.

Mtu akiumia anaweza kuchanganya mkono wa mmoja na wa mwingine. Nakuchukulia hivyo.

Kuja, nitaona. Bosi hana mtu wa kunishikia kaunta.

Wa Kaunta


Nyumbani
Tarehe 19 Machi

Wifi,

Vidonge vimefika. Asante, vinasaidia.

Sikuchanganya mikono. Kitinda ana mkono mdogo.

Viatu unavyovikumbuka nami navikumbuka. Alivivua nje ili nisimsikie anapoingia. Nikisikia viatu ningepata nafasi ya kukaa, kuwasha taa, kujifunga khanga vizuri. Bila viatu, alikuwa ameshafika. Na ukuta ule mwembamba ndio sababu ya kiganja mdomoni. Alikuwa anakuhifadhi wewe usingizi wako. Penseli zako alizichonga kweli, nilimwona, alikaa kibarazani anapuliza vumbi la risasi kwa upole, na mimi nilisimama mlangoni nikijiuliza upole huu anauweka wapi akiingia ndani. Sikuambii hivi ili umchukie. Wewe ulikuwa na kaka mzuri. Mimi sikuwa na mume mzuri. Alikuwa mtu mmoja.

Daktari wa wodi, mama mtu mzima, alinipima yote. Kisha akaniuliza, "Hili kovu la kushoto lilishonwa na nani mara ya pili?" Nikamwambia halikushonwa, lilijifunga lenyewe. Akaandika. Kumbe ndiyo maana uzi unavuta. Anasema linaweza kulainishwa kwa mazoezi na dawa ya kupaka, na jeli ya maji itanifaa, ile ile uliyochagua, lakini si kwa haraka na si kwa mtu ambaye hajui. Ulisema kweli, haitibu kidonda.

Nimemwambia Fundi Vioo. Nilimwambia yote, na mkono wake uko kwenye bandeji, nikamwambia ana ruhusa ya kuondoka. Aliuliza, "Ulizihesabu ngapi?" Nikamwambia saba. Akaanza kulia kabla yangu.

Sitakuomba tena uje. Nimekuomba mara moja, inatosha.

Dobi


Duka la dawa
Tarehe 2 Aprili

Wifi yangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Hii ya tano nitaituma hata ikiwa mbaya.

Tarehe uliyozalia naijua, nilifuma kofia nyeupe ambayo haikuvaliwa. Nimehesabu siku kumi na mbili kutoka hapo. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa hapa, nilipewa koti jeupe lililonizidi mikono, na nilijiona daktari. Mlikuwa bado mnaishi mji huu, na kaka alikuja dukani asubuhi ile, tulipofungua tu. Aliagiza pamba, chachi na dawa ya kuoshea vidonda. Alikuwa na damu kavu kwenye kucha. Akasema amejikata kazini.

Nilimfungia. Nikacheka, nikamwambia, "Kaka, jihadhari na vyuma vyako." Hakuwa na bandeji popote. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya kaunta yangu, mizima, nikaitazama.

Kila mteja namuuliza. Kidonda kiko wapi, ni kikubwa kiasi gani, kimetokea lini. Hata mlevi namuuliza. Yeye sikumuuliza, kwa sababu ni kaka. Nilibandika lebo juu ya pamba: "Osha mara mbili kwa siku." Nilikuandikia maelekezo wewe, wifi, bila kujua. Au nikijua. Siku ishirini hizi nimekaa na swali hilo na bado sijapata jibu zuri.

Na lipo jingine, baya kuliko hilo, kwa sababu hili nililijua kabisa. Nina barua ya Kitinda. Aliniandikia siku ile ile, kabla mkono haujapoa, ameandika kila kitu: jeli, beseni, nondo, ukurasa aliouchana. Akaniambia niichome. Sikuichoma, wala sikukuambia. Ulipokuwa umelala kwa jicho moja ukiniomba nije niseme nilichotuma, mimi nilikuwa na mwandiko wake ndani ya droo ya kaunta, chini ya karatasi za risiti. Nilipokuandikia "nitaona", barua ile ilikuwa chini ya kiwiko changu. Nilijiambia nimeshazika mmoja, sitampeleka wa pili gerezani kwa mkono wangu. Nilijiambia utapona tu. Watu wanapona.

Nimempigia jana. Nikamwambia nakuja na barua. Akasema atanichinja kama kuku mbele ya mlango wa mahakama. Nilimsikia vizuri, wifi, na nilijua namna ile ya kusema polepole. Si ya Kitinda. Ni sauti niliyokuwa nikiisikia kupitia ukuta, usiku wa likizo, nikavuta blanketi juu ya kichwa nikajiambia wanaongea.

Kwa hiyo nilisikia. Niandike hivyo, na sahihi yangu iko hapo chini.

Nafika tarehe 8 kwa basi la asubuhi. Usije kunipokea kituoni, atakuwapo.

Wifi yako


Nyumbani
Tarehe 26 Mei

Wifi yangu,

Natumaini bega linarudi mahali pake na bosi amekupa kiti. Mwambie kwamba mtu aliyevunjwa bega kwenye ngazi za mahakama hawezi kusimama kaunta siku nzima, na kama hataki, nitakuja na pasi.

Watu bado wanasimulia. Wanasimulia alivyokuvuta kwa koti na ulivyoanguka ngazi tano, na askari wanne waliomkalia. Mimi nakumbuka kingine. Nakumbuka ulivyoingia ndani mkono ukining'inia, hukutaka kwenda hospitali kwanza, ukasema, "Nisome kabla sijazimia." Uliisoma barua yake yote. Ulipofika pale anapokuambia ulimbeba mgongoni sauti ilikatika, hakimu akakuuliza kama unataka maji, ukasema hapana, ukaisoma sentensi ile upya tangu mwanzo. Kesi ilipomgeukia, akakiri, na walipotamka miaka minne sikumtazama yeye. Nilikutazama wewe. Nilikuwa nimeachiwa huru na nikashindwa kufurahi, kwa sababu nilikuona umepoteza ndugu wawili asubuhi moja, mmoja wao kwa mara ya pili.

Endelea kumlilia kaka yako. Sitakuzuia wala sitakusaidia. Picha yake niliyokuwa nayo nimekuwekea kwenye bahasha nyingine, ile aliyochomeka penseli sikioni. Ni yako.

Tumeoana wiki mbili zilizopita, kama ulivyosikia, bila makelele. Madobi wote walikuja na shuka jipya lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Yule mnene akaninong'oneza, "Mgeni wa chumba namba nane hajambo?" Kumbe walijua siku zote.

Jeli nilinunua mwenyewe. Niliingia duka la dawa la hapa mtaani, kulikuwa na watu watatu nyuma yangu, nikasema nataka kilainishi cha maji. Kijana wa kaunta akaniletea ya strobei. Nikamwambia rudisha. Akaleta ya kupasha joto. Nikamwambia, "Baba, wewe unaijua kazi yako kweli?" Nikasoma vilivyomo mpaka mwisho wa orodha, na waliokuwa nyuma yangu wakasubiri. Nilikaa nayo mkononi siku nzima. Ngozi haikulalamika.

Kisha nilikaa siku nyingine tisa bila kuigusa. Fundi Vioo hakuuliza. Anajifunza kukata kwa mkono wa kushoto, vipande vyake sasa vimepinda pinda na anavitupa mwenyewe.

Jana ilikuwa Jumapili, mchana, dirisha wazi, tukisikia watoto wa jirani wakigombania kamba. Nilimwambia leo tujaribu. Alisimama mbele yangu nimwone. Tulifanya kama daktari alivyosema, polepole, na jeli ya kutosha, na ilikuwa sawa, halafu ule uzi wa kushoto ukavuta. Nilihisi mwili wote unageuka mbao. Mdomo wangu ulishajifunga wenyewe, ndivyo unavyojua. Nikaulazimisha ufunguke. Sikupiga kelele, nilisema kawaida tu, kama mtu anayemwambia mwenzake mlangoni.

Nikasema, "Subiri."

Wifi, akasubiri.

Wako,
Dobi